Begi la mgongoni la kamba: nifanyeje lisirefuke?

SWALI: Assalaam alaykum, Bi. Mimi ni mwalimu, naishi Langoni hapa Lamu, na siku za kazi navuka kwa boti kwenda Mokowe. Mwaka jana nilifuma mkoba wa bega kwa kamba ya kijani ya duka la vyombo vya uvuvi. Haukumaliza hata muhula: mikanda ilirefuka hadi mkoba ukawa unanigonga mapajani, na kitako kikaning'inia. Sasa nataka begi la mgongoni la kila siku, la kubeba laptopu ya inchi 14, madaftari ya wanafunzi, chupa ya maji na mtandio. Yote yakikusanywa ni kilo 5 au 6. Ninunue kamba gani, ya unene gani, na kiasi gani? Sindano ya kufumia, ile yenye ndoano nchani, namba ngapi? Nifanyeje lisirefuke kama lile la kwanza? Na ule mkoba wa zamani niutupe?

JIBU: Wa alaykum salaam, mwalimu wangu. Umeuliza mambo sita na yote nitayajibu, lakini naanza na la kurefuka, maana ukilielewa hilo mengine yatajipanga.

Kamba yako haikurefuka. Kamba ile ya nyavu imetengenezwa kuvutana na samaki na mkondo wa maji, madaftari hayaiwezi. Kilichorefuka ni mafundo. Chukua mkanda wa mkoba wako, usimame dirishani penye mwanga, ushike sehemu ya urefu wa shibiri moja kwa mikono miwili na uvute taratibu huku ukitazama fundo moja tu. Utaona kitanzi kilichokuwa kimelala kwa mviringo kinanyooka, kinakuwa chembamba, na jirani yake kinafuata. Upana wa mkanda unapungua, urefu unaongezeka. Ukiachia unarudi, lakini haurudi wote. Sasa fikiria kilo 5 zikining'inia hapo, na kila hatua unayopiga inavuta tena. Mkoba uliosukwa hivyo lazima ushuke, hata ungetumia kamba ya kufungia jahazi.

Kwa hiyo msingi wa begi lako jipya ni huu: uzito usibebwe na mafundo. Ubebwe na kitu kilichonyooka ambacho hakina vitanzi vya kukunjuka, yaani mkanda wa begi wa kusukwa na bitana ya kitambaa kigumu. Ufumaji wa kamba una kazi yake nyingine, nayo ni kubwa: unashika umbo la begi, unapokea msuguano wa kuta zetu za mawe katika vichochoro ambamo punda na mtu hupishana kwa taabu, na unalipa begi sura yake. Bitana na mikanda ndiyo mifupa, kamba ni ngozi.

Najua wako wafumaji wasiopenda kusikia hivi. Wanataka kila kitu kitoke kwenye sindano, mpaka mikanda ya bega, na wakiona mkanda wa dukani wanahisi kazi imepungua heshima. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Kitambaa cha meza kinaweza kuwa kamba tupu. Begi linalobeba laptopu ya mwalimu juu ya maji haliwezi.

Tuje kwenye kamba yenyewe. Dukani angalia kwanza namna ilivyotengenezwa. Ziko za kusokotwa, yaani nyuzi mbili tatu zilizozungushwa pamoja, kama hiyo yako ya kijani. Kila fundo unalofuma huizungusha kamba kidogo, na kamba ya kusokotwa ikizungushwa ama hujikunja vifundofundo ama hulegea nyuzi zake, ndipo sindano inapochoma katikati ya uzi badala ya kuushika wote. Nina hakika hilo lilikusumbua. Ziko na za kusukwa, ambazo nyuzi zake zimepishana juu na chini kuzunguka kamba nzima. Hizi hazina upande wa kuzungukia, hutulia mkononi. Chukua ya kusukwa. Kisha minya ncha yake: kama kuna nyuzi nyingine zimejazwa ndani, hiyo ina moyo, nayo hubaki mviringo na kulisaidia begi kusimama lenyewe. Isiyo na moyo hulala bapa. Ni laini kwa vidole na inafaa mikoba ya arusini. Kwa kazi yako nataka yenye moyo.

La pili ni malighafi. Pamba ni raha mkononi, lakini inakunywa maji, inakuwa nzito, na ikiingiwa na chumvi ya bahari haikauki vizuri, kwa sababu chumvi yenyewe huvuta unyevu wa hewani. Msimu wa masika itaota koga kabla hujaijua. Nailoni ina nguvu sana ila inanyumbulika, na ikilowa inanyumbulika zaidi, nasi tunakimbia kunyumbulika. Polipropilini ni nyepesi na bei yake ni nafuu, lakini jua huila isipotiwa dawa ya kuikinga kiwandani: rangi hupauka, kisha kamba huanza kutoa vumbi jeupe na kukatika vinyuzi. Inayofaa ni poliesta. Haifyonzi maji, hainyumbuliki sana, na inastahimili jua letu kuliko hizo nyingine mbili za kiwandani.

Muuzaji anaweza kukuambia yote ni "nailoni", kwa sababu dukani jina hilo limebeba kamba zote zinazong'aa. Ijaribu mwenyewe. Kata kipande cha sentimita 5, kitie ndani ya glasi ya maji, kifinye humohumo mpaka hewa yote itoke, kisha kiachie. Polipropilini huelea, kwa sababu ujazo mmoja wake una uzito wa 0.91 ukiyahesabu maji kuwa 1. Nailoni huzama taratibu, maana ni 1.14. Poliesta ni 1.38, inakwenda chini moja kwa moja. Ukitaka uhakika wa pamba, choma ncha: pamba huungua na kuacha jivu lenye harufu ya karatasi, za kiwandani huyeyuka na kuacha tone gumu.

Huenda mama au shangazi akakuuliza kwa nini usitumie kamba ya makumbi ya nazi, wakati ndiyo iliyoshona mitepe, vyombo vya tanga vya kale vya pwani hii, bila msumari hata mmoja, na chumvi haikuidhuru. Ni kweli, na ni kamba ninayoiheshimu. Lakini kwenye mtepe kamba ile ilikazwa, ikakaa. Kwenye begi itakunjwa kona kali kila nusu sentimita na kusugua mgongo wako kutwa. Nyuzi zake ni fupi na kali, zitakatika kwenye kona na kukuchubua buibui. Mkonge vivyo hivyo, ingawa kwa kitako peke yake si mbaya.

Unene: milimita 3. Watu hukimbilia 5 kwa kudhani nene ndiyo imara. Kamba nene hutoa mafundo makubwa yenye mianya mikubwa, kalamu zinachomoza, na begi tupu linakuwa zito kabla hujatia daftari la kwanza. Sindano iwe ya milimita 4 au 4.5, ya chuma au alumini. Ya mwanzi itavunjika, na ya plastiki itapinda. Kuna jambo la mkono hapa ambalo ni la kwetu zaidi. Wanawake na wanaume wengi wa Lamu mikono yao imelelewa kwenye kofia, kwenye viua na vito, ambako sindano ni nyembamba na kila mshono unakazwa sawasawa na mwenziwe. Mkono huo ukiushikisha kamba utakaza mno, na sindano haitapita mstari wa pili. Kama wewe ni wa hao, anza na 4.5, shika sindano kwa kiganja kizima badala ya kuishika kwa vidole viwili, na uache kamba ipite juu ya kidole cha shahada bila kuizungusha mara mbili. Ukihisi maumivu chini ya kidole gumba, weka kazi chini, urudi kesho. Kamba haina huruma na viungo, na maumivu hayo yakishaota mizizi hayaondoki upesi.

Kiasi gani? Sikupi idadi ya mita ya kubahatisha, kwa sababu mkono wako si wangu. Nunua kwanza bunda moja dogo, ufume kipande cha mraba cha sentimita 10 kwa 10 kwa fundo utakalotumia kwenye kuta. Kipime uzito kwenye mizani ya jikoni, uandike. Kisha kifumue chote na upime kamba iliyotumika. Tuseme ni mita 9 na gramu 20. Begi lako linalotosha laptopu ya inchi 14 ikisimama wima litakuwa na kitako cha mviringo mrefu, sentimita 28 kwa 12, na kimo cha sentimita 38. Mzunguko wa kitako hicho ni kama sentimita 70. Kuta ni 70 mara 38, sawa na 2,660. Kitako ni karibu 305. Kifuniko cha 28 kwa 22 ni 616. Jumla ni sentimita za mraba 3,581, yaani vipande 36 kama kile cha majaribio. 36 mara mita 9 ni 324. Ongeza asilimia 15 ya viungio, kingo na makosa ya kufumua, unafika mita 373. Nunua 400 kwa mkupuo mmoja, za rangi moja ya kundi moja, maana ukirudi dukani baada ya mwezi bluu haitakuwa bluu ile. Uzito nao: 36 mara gramu 20 ni gramu 720. Kama hesabu yako inazidi kilo moja, kamba ni nene mno, ibadilishe kabla ya kuanza.

Mafundo utakayohitaji ni machache. Cheni ya kuanzia, yaani mstari wa vitanzi ambavyo kila kimoja kimevutwa ndani ya mwenziwe, na fundo fupi: unachoma, unavuta kamba, unakuwa na vitanzi viwili kwenye sindano, unavuta tena ukavipita vyote viwili. Basi. Fundo refu la kuzungusha kamba kwanza kwenye sindano liache kwa vitambaa vya makochi, lina mianya.

Kitako. Kosa la kawaida ni kuanza na cheni ya urefu wote wa kitako, kisha mtu anashangaa limekuwa refu kupita kiasi. Kitako kinakua pande zote, urefu na upana kwa pamoja, kwa hiyo toa upana kwenye urefu: 28 kutoa 12, anza na cheni ya sentimita 16. Fuma upande mmoja wa cheni mpaka mwisho, kwenye kitundu cha mwisho tia mafundo 3, zunguka ufume upande wa pili wa cheni ileile, na mwisho wake nao umalizike na 3. Mizunguko inayofuata, kila ncha inaongezewa mafundo 3, yaani 6 kwa mzunguko mzima, na ile sehemu iliyonyooka haiongezewi kitu. Kila baada ya mizunguko miwili kilaze mezani. Kingo zikiinuka, umeongeza machache. Zikifanya mawimbi, umeongeza mengi. Fumua hapohapo, usijidanganye kwamba mzunguko ujao utanyoosha.

Kitako kikitimia, fuma mzunguko mmoja ukichoma uzi wa nyuma tu wa kila fundo, si nyuzi zote mbili za juu. Mzunguko huo unafanya kona iliyokatika vizuri kati ya kitako na ukuta, na begi litakaa chini bila kuyumba.

Kwenye kuta badilisha mahali pa kuchoma. Badala ya kuchoma chini ya nyuzi mbili zinazolala juu ya fundo, choma katikati ya miguu miwili ya fundo lenyewe, pale inapofanya umbo la V. Kitambaa kinachotoka kimeshikana, hakina mianya, hakivutiki sana kwenda juu, na mistari yake inasimama wima. Fundo fupi la kawaida likizungushwa bila kugeuza kazi huegemea upande mmoja kidogokidogo, na ukifika juu utakuta mbele ya begi imehamia ubavuni. Hili la katikati huegemea kidogo sana. Sharti lake ni mkono mlegevu, kwa hiyo hapa ndipo utakaponishukuru kwa ile sindano ya 4.5. Tia uzi wa rangi nyingine kama alama ya mwanzo wa mzunguko, uuhamishe kila unapopita.

Kamba ikiisha, usiunge kwa kufunga ncha mbili fundo la kawaida. Na usiyeyushe ncha mbili ukazibandika pamoja na kuziachia hivyo; kiungo hicho ni kigumu na hukatika kinapokunjwa. Chomoa moyo wa kamba mpya kwa sentimita 5, ingiza ncha ya kamba ya zamani ndani ya ganda hilo tupu, ushone kwa uzi wa poliesta ukipenya huku na huku mara kadhaa. Ukipitisha kidole hutahisi kiungo. Ncha za mwisho zipenyezwe ndani ya mafundo sentimita 10, zirudishwe kwa upande mwingine sentimita 3, ndipo ukate na kuyeyusha kidogo kwa kiberiti. Poliesta inateleza, isipogeuzwa njia itajichomoa yenyewe.

Sasa mifupa, na hapa nakuomba usifanye haraka. Nunua mita 4 za mkanda wa begi wenye upana wa sentimita 4 hivi, wa poliesta. Ukikosa Lamu, agiza Mombasa, au muulize fundi wa magari bara mikanda ya viti vya gari kuukuu: ile ni poliesta iliyosukwa kwa nguvu ya ajabu, upana wake unakaribia sentimita 5, na mradi haijachomwa na jua miaka mingi italizidi begi umri. Kata vipande viwili. Kila kimoja kinaanzia juu ya mgongo wa begi, viwili vikiwa na nafasi ya sentimita 6 kati yao, vinashuka vikitanuka mpaka karibu na pembe za kitako, vinapita chini ya kitako, vinapanda mbele sentimita 15 na kuishia hapo. Vyote vinakaa kati ya kamba na bitana, vimeshonwa kwenye bitana. Hutaviona begi likiisha, lakini laptopu na madaftari yatakuwa yamekalia vyenyewe.

Mikanda ya bega inashonwa moja kwa moja kwenye vipande hivyo: juu pale vinapoanzia, chini sentimita 4 juu ya kitako. Ndipo njia ya uzito inakuwa mkanda kwa mkanda, kutoka begani hadi chini ya mzigo na kurudi, bila kupitia fundo hata moja. Ili mikanda itokeze nje, acha nafasi kwenye ufumaji: ruka mafundo 7, tia cheni 7, mzunguko unaofuata fuma juu ya cheni hizo. Usitoboe baadaye kwa mkasi.

Mshono wa kuunganishia uwe mraba wa sentimita 4 kwa 4 wenye mistari miwili inayokatana ndani yake kutoka pembe hadi pembe. Mstari mmoja wa kupita utachanika ukingoni. Mpe fundi viatu mwenye cherehani nzito, au shona mwenyewe kwa shazia na uzi mnene wa poliesta uliopakwa nta. Uzi wa pamba huoza kwa chumvi na jasho, na ukioza haukuarifu. Ncha za mkanda ziyeyushwe kwanza kwa moto, zikunjwe mara moja.

Kwa upande wa bega tia sponji ya unene wa sentimita moja, na hapa ndipo unaporuhusiwa kufuma utakavyo: funika mkanda na sponji kwa ala ya kamba, kwa mistari mirefu ya urefu wa mkanda, si mistari mifupi ya kwenda upana. Mistari mirefu hairefuki sana kama mifupi, na hata ikirefuka, ndani kuna mkanda unaoshika.

Bitana: turubai la pamba lililofumwa nene, au kitambaa cha tanga kama utampata fundi mwenye mabaki. Leso nzuri inapendeza macho, lakini peke yake ni nyepesi. Kama umeipenda, ishone juu ya turubai. Kata bitana iwe ndogo kuliko begi kwa sentimita moja kila upande. Watu hufanya kinyume, wakiogopa itabana. Bitana kubwa inaacha mzigo ulale kwenye mafundo, na umerudi kwenye mkoba wako wa kijani. Bitana ndogo inaning'inia kutoka juu na kubeba kila kitu, kamba inabaki imeizunguka tu. Ishone kwenye mdomo wa begi kwa mshono wa kurudi nyuma, ukipita kwenye kila fundo bila kuruka.

Mfuko wa laptopu ushonwe juu kwenye bitana, upande wa mgongoni, na chini yake uishie sentimita 3 kabla ya sakafu ya begi. Ukilitua kwenye baraza kwa haraka, laptopu haigongi jiwe. Chini kabisa, kati ya bitana na kitako, weka sahani ya plastiki uliyoikata kwenye ubavu wa mtungi wa maji uliotoboka, pembe zake ukizizungusha kwa mkasi. Haiozi, haina uzito, inashika umbo.

Mafundo ya kamba, hata yakishikana namna gani, hayazuii maji. Nawe unavuka kila siku, na wakati wa kusi mkondo ule unarusha maji mpaka usoni. Shona kifuko cha laptopu kwa kitambaa cha mwavuli uliovunjika, mdomo wake ukunjike mara tatu. Ukiwa botini vua begi ulipakate. Ukiliweka chini maji ya ngama, yale yanayotuama sakafuni mwa boti, yanalingojea, na mgongoni hapo ni pahali pa jaketi la kuokolea. Hilo la jaketi nalisema kwa uzito wote. Begi la kilo 6 mgongoni mwa mtu aliyeanguka majini ni hatari, na poliesta, kama ulivyoona kwenye glasi, haielei.

Zipu ya chuma usiinunue, hewa ya hapa itaigandisha kwa kutu kabla ya mwaka. Kama lazima zipu, ya meno makubwa ya plastiki. Mimi ningefunga mdomo kwa kamba ya kuvuta na kifuniko juu yake chenye bizimu ya plastiki. Pete za kurekebishia mikanda ziwe za plastiki nene au shaba.

Begi likiisha, kabla ya kulipeleka shuleni, litie mtungi wa lita 5 uliojaa maji na chupa ya lita moja. Lita ni kilo, kwa hiyo hizo ni kilo 6 zako. Lipime kutoka juu ya mkanda wa bega hadi kitakoni, litundike kwenye ndoano usiku kucha, asubuhi lipime tena likiwa na mzigo. Likiwa limeshuka zaidi ya sentimita moja, bitana yako ni kubwa au mshono wa mdomo umelegea. Fungua hapo, si kwingine.

Kulitunza ni kazi ndogo. Likirushiwa maji ya bahari, lisuuze kwa maji ya mvua au ya bomba jioni hiyohiyo, maana punje za chumvi zikikauka ndani ya kamba hukata nyuzi kila begi linapokunjwa. Kausha kivulini penye upepo, likiwa limejazwa magazeti ili lisipoteze umbo. Na kila mwisho wa muhula pitisha kidole kwenye ile miraba minne ya mishono.

Ama mkoba wa zamani, usiutupe. Kata mikanda yake, ushone mkanda wa begi upitao chini ya kitako na kupanda pande zote mbili mpaka begani, na uutie bitana ya turubai iliyo ndogo kuliko mkoba. Kamba ile bado ina miaka, na kwa kwendea sokoni utakufaa. Ila usiufumue ukategemea kuitumia kamba yake kwenye begi jipya: ni ya kusokotwa, na imeshajikunja kwa mafundo ya mwaka mzima, haitanyooka. Nitumie vipimo vya kipande chako cha majaribio, mita na gramu, nami nitakuhesabia mafundo ya kila mzunguko wa kitako.